Kwenda Ziwa Ngosi kwa Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila anayepanga safari hii huanza na swali moja: gari linafika? Jibu lake liko kwenye sehemu ya pili, na mengi yaliyobaki yanatokana nalo. Kama ziwa lenyewe unalifahamu, ruka sehemu ya kwanza.

## Ziwa lenyewe

Ziwa Ngosi liko wapi, na ni ziwa la aina gani?

Liko kwenye milima ya Poroto, wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, kusini mashariki mwa jiji. Ni ziwa la kreta. Volkano ililipuka, sehemu yake ya juu ikadidimia, na shimo lililobaki likajaa maji. Uso wa maji uko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya ukingo unaolizunguka inapita mita 2,600. Ziwa lina ukubwa wa takriban kilometa za mraba 3 na kina cha zaidi ya mita 70. Hakuna mto unaotoka humo; ukisimama juu unaona bakuli la kijani lililofungwa pande zote. Wenyeji watakuonyesha jinsi umbo lake linavyofanana na ramani ya Afrika. Wengine huiona mara moja, wengine hukubali tu ili msafara uendelee.

Ni kweli ni la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya kreta?

Utaisikia sana hiyo, nyuma ya ziwa moja la Ethiopia. Mimi siitumii. Ziwa Chala, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya kwenye miguu ya Kilimanjaro, nalo ni la kreta, na lina zaidi ya kilometa za mraba 4. Ngosi halihitaji cheo hicho ili mtu alipende.

Ni Ngosi au Ngozi?

Yote mawili. Wenyeji husema Ngosi. Ramani nyingi na maandishi ya wataalamu wa volkano hutumia Ngozi, kwa hiyo ukitafuta njia kwenye simu jaribu majina yote mawili.

Volkano hiyo imekufa au imelala?

Imelala. Wanajiolojia wanauweka mlipuko wake wa mwisho unaojulikana kwenye karne ya 15 hivi, jambo ambalo kwa umri wa milima ni juzi tu. Jirani yake, mlima Kyejo, ulitoa lava karibu mwaka 1800. Chini bado kuna joto, ndiyo maana Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania imelichagua eneo la Ngozi kuwa moja ya miradi yake ya umeme wa jotoardhi. Gesi ya kaboni dioksaidi nayo hupanda kutoka ardhini sehemu mbalimbali za Rungwe, na huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji. Kwa mgeni wa siku moja, jambo la kuogopa si mlipuko. Ni utelezi.

Hadithi ya hazina ya Wajerumani ni ya kweli?

Inasimuliwa hivi: Wajerumani walipokuwa wanashindwa vita walizamisha mali yao ziwani, na kuna kiumbe kinachoilinda. Hadithi kama hiyo husimuliwa pia kuhusu Ziwa Kisiba, kule Masoko, na kule angalau Wajerumani walikuwa na boma kando ya maji. Kwa Ngosi, jiulize nani alibeba masanduku ya fedha kupandisha kilima kile na kuyateremsha upande wa pili. Pamoja na hayo, wapo wanaoliheshimu ziwa hili kama mahali pa tambiko na maji yake kama dawa. Ukikuta watu wako kwenye shughuli yao, pita kwa adabu na usiwapige picha.

## Barabara na gari

Gari linafika mpaka ziwani?

Hapana. Gari linakufikisha kwenye ukingo wa msitu. Kuanzia hapo ni miguu kwenda mpaka juu ya kreta, na ziwa unaliona likiwa chini yako. Hakuna barabara ya kuzunguka ziwa, na hakuna mahali utaegesha gari huku unatazama maji. Ikiwa ulichotaka ni kukaa ndani ya gari na chai yako ya chupa ukiangalia ziwa, soma jibu kuhusu Masoko kwenye sehemu ya mwisho.

Nalisisitiza hili kwa sababu safari nyingi huharibikia hapa. Watu hutoka Mbeya saa 7 mchana wakidhani ni mwendo wa nusu saa, wanafika msituni saa 9 wakiwa na kandambili, na saa 1 usiku wanateremka gizani wakimulika kwa simu.

Kutoka Mbeya mjini napita wapi?

Shika barabara kuu ya kwenda Dar mpaka Uyole, kisha kata kulia kwenye barabara ya Tukuyu na Kyela. Ni lami. Utapita Igawilo, kisha barabara inaanza kupanda kwa kona, na mashamba ya viazi yanaonekana pande zote. Ukipita Isyonje, ambako panatoka barabara ya Kitulo na Makete, jiandae: unaelekea Isongole, na hapo ndipo unaiacha lami na kuingia kulia kwenye barabara ya vumbi inayoelekea msituni.

Kutoka katikati ya jiji hadi Isongole ni chini ya kilometa 40. Usizipigie hesabu kama za tambarare. Malori ya kwenda na kutoka Malawi hupanda hapa kwa mwendo wa konokono, na kuyapita kwenye kona ni kujitafutia msiba. Tenga saa nzima, zaidi kama kuna ukungu.

Gari dogo kama IST linafaa, au lazima foo-wili (gari linalovuta kwa magurudumu yote manne)?

Inategemea mvua ya jana, si mvua ya leo.

Kwenye lami, gari lolote. Kipande cha vumbi kutoka Isongole, kilometa chache tu, ndicho kinachoamua. Udongo wa huku umetokana na majivu ya volkano: ukikauka unakuwa vumbi jeusi laini kama unga, ukilowa unateleza kama sabuni. Wakati wa kiangazi magari madogo huenda na kurudi, mradi dereva awe mpole na mitaro iliyochimbwa na maji, vinginevyo utagonga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukijaza watu watano na mizigo gari linakaa chini, kwa hiyo penye mtaro washushe abiria watembee hatua chache.

Wakati wa masika, gari dogo liache Isongole. Gari lililoinuka lenye foo-wili litapita siku nyingi, lakini hata hilo, likiwa na tairi vipara, litaishia kusukumwa. Kabla ya kuiacha lami, waulize vijana wa bodaboda njia ikoje. Wao wamepita asubuhi hiyo hiyo na hawana sababu ya kukupamba. Sababu wanayo, kwa kweli, kwa kuwa wanataka kukubeba; lakini wakisema “pitia tu, mzee”, basi pitia.

Wakati wa kurudi, kuna cha kuangalia?

Breki. Kutoka Isongole kurudi Uyole ni mteremko mrefu, na wageni hushuka mguu ukiwa kwenye breki muda wote mpaka zinaanza kunuka. Weka gia ndogo, acha injini ilizuie gari. Kwa gari la otomatiki, toa D uweke gia ya chini. Lori likija kasi nyuma yako, mpe nafasi apite; huenda yeye breki zake zimeshakwisha.

Kuna tochi za trafiki za kupima mwendo njiani?

Zipo, hasa kwenye vijiji ambako kibao cha 50 kimesimama mbele ya nyumba tatu. Uyole na vijiji vinavyofuata ni 50 kwa saa, na vibao vya kumaliza 50 huwa mbali kuliko unavyodhani. Hakikisha una pembetatu za kuakisi mwanga na kizima moto ambacho hakijaisha muda.

Mafuta nijaze wapi?

Mbeya au Uyole, na Tukuyu kama unatoka upande wa Kyela. Usipange kujaza kwenye barabara ya vumbi. Mafuta ya kwenye chupa yapo vijijini, lakini hujui yamechanganywa na nini.

Natoka Dar es Salaam. Ni safari ya siku ngapi?

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800, na kwa gari binafsi ni siku nzima kama mnapokezana usukani. Mimi ningelala Iringa. Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara inapita kati ya wanyama kwa kilometa 50 hivi. Shika mwendo ulioandikwa, kwa sababu kugonga mnyama kuna faini na faini hutegemea mnyama. Kisha kuna mlima Kitonga, kabla ya Iringa, ambako foleni ya malori inaweza kukula saa mbili. Ukiondoka Dar usiku wa manane ufike Ngosi kesho yake asubuhi bila kulala, utapanda mlima ukiwa umechoka na utashuka ukisinzia kwenye usukani. Hiyo haishauriwi na mtu yeyote.

Nina gari la namba za nje. Nitapita?

Kutoka Malawi unaingia kwa Kasumulu, na barabara inapita Tukuyu kabla ya Isongole, kwa hiyo ziwa liko njiani. Kutoka Zambia na Lubumbashi unaingia kwa Tunduma kisha Mbeya. Kutoka Kenya njia fupi ni Namanga, Arusha, Dodoma, Iringa. Utahitaji kadi halisi ya gari, barua ya ruhusa kama gari si lako, na bima inayokubalika; kadi ya njano ya COMESA inatumika Tanzania.

Sina gari. Nitafikaje?

Panda kosta ya Tukuyu au Kyela kwenye stendi ya Nane Nane, Uyole, na mwambie konda akushushe Isongole. Bodaboda watakupeleka mpaka msituni. Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na lipa ya kurudi ukisharudi.

Gari nikiliacha ukingoni mwa msitu, liko salama?

Kwa kawaida ndiyo, hasa ukimwachia mtu na mkaelewana ujira wake. Usiache kitu kinachoonekana kitini. Geuza gari litazame njia ya kurudi, na usiegeshe kwenye nyasi za bondeni: mvua ya saa moja inatosha kukunasa.

## Kutoka garini hadi kwenye maji

Natembea muda gani?

Kupanda ni saa moja hadi saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida. Kushuka ni pungufu ya hapo. Mwanzo ni njia ya msitu isiyochosha, kisha kilima kinakaza na utaanza kushika mizizi na mianzi. Mtu aliyetoka pwani jana atahema. Kule juu hewa ni nyepesi kuliko mjini Mbeya, ambapo nako ni mita 1,700. Pumzika bila aibu.

Njia yenyewe ni nusu ya raha. Kuna migomba mwitu yenye majani mapana kuliko mlango, miti iliyovishwa kuvu na ndevu, na ukibahatika utawasikia mbega kabla hujawaona. Angalia matawi ya chini umtafute kinyonga wa Poroto, dume lenye pembe tatu usoni, ambaye hapatikani nje ya milima hii na ya jirani. Usimshike. Kipunji, yule nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, makao yake ni mlima Rungwe na upande wa Kitulo, kwa hiyo usimdai mwongozaji wako akuonyeshe hapa.

Kuna kiingilio? Lazima niwe na mwongozaji?

Msitu ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na kiingilio kipo, tofauti kwa raia na kwa wageni. Malipo ya serikali hufanywa kwa kontrol namba (namba ya kumbukumbu ya malipo) kupitia simu au benki, nawe hupewa risiti. Usimpe mtu fedha mkononi njiani eti atakulipia. Beba kitambulisho, maana bei ya raia itadai uthibitisho.

Mwongozaji mchukue. Njia kuu inaonekana, lakini kuna vijinjia vya wakata mianzi vinavyopotosha, na ukungu ukishuka kila mti unafanana na mwingine. Wengi wao ni vijana wa vijiji vya hapo, na chakula cha nyumba yao kinatoka kwenye ziwa hili.

Naweza kushuka hadi kwenye maji?

Inawezekana, na wengi waliofika juu huamua kuacha. Ukuta wa ndani wa kreta unakaribia kusimama wima; unashuka ukikamata mizizi, na udongo ukilowa hakuna cha kukanyaga. Kushuka ndio rahisi, kupanda ndio kazi. Sheria yangu ni hizi tatu: siku kavu, mwongozaji anayeijua njia ya chini, na angalau saa nne kabla ya jua kuzama. Moja ikikosekana, tazama kutoka juu, piga picha, rudi.

Maji yanafaa kuogelea au kunywa?

Usifanye lolote kati ya hayo. Kina kinaanza karibu kabisa na ukingo, maji ni baridi, na hakuna mwokoaji wala mtumbwi wa kukufuata. Kwa kunywa, maji yenye madini kutoka kwenye joto la chini ya ardhi huingia ziwani. Beba lita moja na nusu kwa kila mtu kutoka Uyole.

Nivae nini?

Viatu vyenye meno, suruali ndefu, sweta, koti la mvua hata kama anga ni bluu. Soksi za akiba ziache garini, ukirudi utajishukuru.

## Lini na saa ngapi

Mwezi gani ni mzuri?

Juni hadi Oktoba. Rungwe ni kati ya wilaya zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, na sehemu nyingine hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo nje ya miezi hiyo hesabu ya kulowa ni ya uhakika. Juni na Julai kuna baridi kali: asubuhi mashamba ya Poroto huweza kuamka na sakitu. Septemba ndio chaguo langu, njia imekauka na baridi imepungua. Machi na Aprili sipeleki mtu.

Saa ngapi nianze?

Uwe umeliacha gari saa 2 au saa 3 asubuhi. Mawingu hukusanyika kadiri siku inavyosonga, na mvua ya milimani hupenda mchana. Kama saa 8 mchana bado uko Uyole, lala Mbeya uende kesho.

Nikifika juu nikute ukungu mtupu?

Hutokea, hata Septemba. Umesimama ukingoni, mbele yako ni shuka jeupe, na anayekuongoza anakuapia kwamba ziwa lipo. Ngoja. Ukungu wa Ngosi hufunguka kama pazia: dakika tano unaliona ziwa lote, kisha linafunikwa tena. Niliwahi kungoja saa nzima na wageni wawili. Mmoja alienda haja vichakani, na ndizo dakika tano zenyewe. Hakusamehe mtu mpaka Mbeya.

Usisogee ukingoni ukiwa huoni unapokanyaga. Nyasi huning'inia juu ya utupu.

## Hali zisizo za kawaida

Nina mzazi mzee, au mtu asiyeweza kupanda. Abaki garini?

Saa nne ndani ya gari kwenye baridi ile ni adhabu. Mpelekeni Ziwa Kisiba, ambalo wengi huliita Masoko, kusini mashariki mwa Tukuyu. Nalo ni la kreta, dogo, duara, na gari linafika karibu kabisa na maji. Majengo ya mawe ya enzi ya Wajerumani bado yapo. Watoto wa hapo huenda wakakuuzia sarafu za zamani. Nunua kwa kuipenda hadithi, si kwa kuamini kwamba ni hazina.

Vinginevyo, gawanyeni kundi: wengine wapande Ngosi, wengine waendelee na gari kuona Daraja la Mungu, lile jabali la lava lililoota juu ya mto Kiwira. Eneo hilo liko karibu na chuo cha Magereza, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupiga picha za majengo.

Watoto wanaruhusiwa?

Mtoto wa miaka minane au tisa aliyezoea kutembea hupanda vizuri kuliko baba yake. Wadogo zaidi ya hapo utawabeba mgongoni, na kwenye kipande cha mwisho unahitaji mikono yote miwili. Kushuka kwenye maji na watoto, hapana.

Naweza kuona Ngosi, Daraja la Mungu na Masoko siku moja?

Kwa gari lako mwenyewe na kuanza mapema, Ngosi na Daraja la Mungu vinakaa siku moja. Masoko iache ya kesho na ulale Tukuyu. Jioni tafuta mahali wanapopika mbalaga, ndizi za Kinyakyusa.

Nataka kurusha droni.

Kibali kwanza, kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pamoja na ruhusa ya wenye hifadhi. Bila karatasi hizo iache nyumbani. Upepo wa ukingoni nao una tabia ya kuzisukuma ziwani, na hakuna atakayeshuka kukutafutia yako.

Gari likikwama kwenye tope?

Acha kukanyaga mafuta, unajichimbia. Toa abiria, weka majani au mawe chini ya tairi zinazovuta, anza kwa gia namba mbili taratibu. Wanakijiji watakuja kusukuma, na ni haki yao kupata cha soda. Kama una kamba, ifunge kwenye ndoana ya kuvutia, kamwe si kwenye bampa. Mtandao wa simu hupatikana barabarani lakini hukatika msituni, kwa hiyo anayebaki na gari awe na namba ya mtu Isongole.

Mvua imenikuta nikiwa juu. Nishuke au ningoje?

Kama kuna radi, ondoka ukingoni mara moja, ingia msituni na uanze kushuka polepole. Kama ni manyunyu, shuka pia: njia huzidi kuwa mbaya kadiri inavyonyesha, na kila dakika unayongoja barabara ya gari nayo inalowa. Shuka ukiwa umeinama kidogo, fimbo mbele, miguu ya pembeni. Ukifika kwenye gari, kabla ya kuwasha, tembea mita mia moja mbele uitazame njia kwa macho. Ikiwa maji yanapita juu ya barabara, ngoja yapungue. Ukiona giza linakukuta hapo, liache gari kwa mlinzi, panda bodaboda hadi Isongole, urudi kulichukua asubuhi.